Njideka Akunyili Crosby anachora au anabandika? Jibu kwa mwalimu wa sanaa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha sanaa za ufundi sekondari. Mwanafunzi wangu mmoja alileta kwenye simu picha za Njideka Akunyili Crosby, Mnigeria anayeishi Marekani, na darasa zima likagawanyika. Kuna wanaosema huyu ni mchoraji, na kuna wanaosema anabandika tu picha za magazeti kisha anapaka rangi pembeni. Mimi nina swali zito zaidi. Huyu mama ametoka Nigeria akiwa na miaka 16, leo yuko Los Angeles. Kwa nini bado anachora sebule za Enugu? Si ndiyo kuwauzia Wazungu Afrika wanayoitaka? Na hiyo mbinu yake, naweza kuijaribu darasani?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na ugomvi wa darasani, maana ndio mwepesi, ingawa nusu ya jibu la lile swali zito imo humo humo.

Ni mchoraji. Wanaosema anabandika hawakukosea kuona, ila wametazamia kwenye simu, na kwa kazi za huyu mama simu haifai kabisa. Michoro yake mingi mikubwa inafika mita mbili na zaidi kwa upana au kwa kimo, tena kwenye karatasi, si kwenye turubai. Ukisimama mbali unaona chumba: kochi, meza, mtu ameketi, mlango uko wazi. Ukisogea, ukuta unaanza kujaa watu. Sura za wanamuziki, wanasiasa, warembo wa majarida, harusi, jamaa zake waliopiga picha studio miaka mingi iliyopita, mamia ya vipicha vilivyopangwa bega kwa bega. Ukirudi nyuma wanapotea, unabaki na ukuta. Kwenye skrini ya simu hatua hizo mbili haziwezekani; unaona vyote kwa pamoja, kwa hiyo huoni chochote sawasawa.

Sasa, vile vipicha havijabandikwa. Vimehamishwa. Anakusanya picha kutoka albamu za familia, majarida, matangazo na intaneti, anazichapa, kisha chapa inalazwa kifudifudi juu ya karatasi anayochorea. Mgongo wa chapa unaloweshwa kwa asetoni na kusuguliwa. Asetoni inalainisha wino wa unga, wino unaachia karatasi ya juu na kushika ya chini. Ukiinua ile ya juu unakuta picha imehama, lakini haikuhama nzima: imefifia, ina mikwaruzo ya mkono uliosugua, kuna sehemu iligoma kushika, na kila kilichokuwa kushoto kiko kulia. Rangi ya ukuta inapenya katikati ya nyuso. Kitu kilichobandikwa hukaa juu ya karatasi na unaweza kukibandua kwa ukucha. Hiki kimo ndani ya karatasi.

Mbinu yenyewe si uvumbuzi wake. Mmarekani Robert Rauschenberg alihamisha picha za majarida kwa kimiminika cha kuyeyushia wino mwishoni mwa miaka ya 1950, alipotengeneza michoro 34 ya kufuata shairi la Dante kuhusu jehanamu. Tofauti iko kwenye kazi ambayo picha hizo zimepewa. Kwa Rauschenberg zinaelea, zinagongana, zinakatishana. Kwa Njideka zimepewa mahali pa kukaa: huu mlango, huu mto wa kochi, hili gauni, pale sakafu. Zinashikilia umbo la chumba.

Juu ya tabaka hilo na kandokando yake anachora kwa akriliki, mkaa, pasteli na penseli za rangi. Waambie wanafunzi wafuate mkono wake ulikokaa muda mrefu. Uso, shingo, vidole na nywele vimejengwa kwa subira, rangi juu ya rangi. Hatua moja pembeni, ukuta ni rangi moja bapa, haina kivuli wala mwanga, kana kwamba kazi haijaisha. Halafu tena msongamano wa vipicha. Jicho linapumzika, linazama, linapumzika tena. Hilo halitokei kwa bahati. Ni mtu aliyesoma wachoraji wa vyumba wa Ulaya kwa makini. Yeye mwenyewe huwataja Vuillard wa Ufaransa, aliyewamezesha watu wake kwenye maua ya karatasi za ukutani, na Hammershøi wa Denmark, aliyechora vyumba vitupu vyenye mwanamke aliyegeuza mgongo. Ukiwajua hao wawili utaona amechukua nini kwa kila mmoja.

Na ili tusiwanyime haki wale wa upande wa pili: kuna mahali anabandika kweli, kipande cha kitambaa au karatasi. Orodha ya vifaa inayowekwa pembeni ya kazi zake kwenye makumbusho hutaja na kolaji, yaani sanaa ya kubandika vipande. Wape alama zao.

Tuje kwenye maisha, kwa sababu bila hayo swali lako la pili haliguswi.

Alizaliwa Enugu mwaka 1983, mji wa makaa ya mawe kusini mashariki mwa Nigeria, katika familia ya Kiigbo. Baba alikuwa daktari wa upasuaji, mama alikuwa mfamasia na mwalimu wa chuo kikuu. Akapelekwa bweni Lagos, Queen's College. Mama ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile ile ambayo hapa kwetu watu walikuwa wakipanga foleni kujaziwa fomu, na mwaka 1999 binti akatua Philadelphia. Mlango huo siku hizi umefungwa kwa Wanigeria: kuanzia awamu ya mwaka 2015 nchi yao iliondolewa kwenye bahati nasibu kwa sababu wahamiaji kutoka huko walikuwa wamevuka kiwango kinachoruhusiwa. Angezaliwa miaka ishirini baadaye, huenda leo tungekuwa tunamzungumzia daktari wa Enugu.

Nasema daktari kwa sababu ndiko alikokuwa anaelekea. Alisoma Swarthmore, chuo kidogo cha Pennsylvania, akamaliza mwaka 2004 akiwa na shahada ya baiolojia pamoja na sanaa. Darasa la rangi za mafuta alilolichukua chuo cha jamii cha Philadelphia ndilo lililomwonyesha kwamba kuna kazi nyingine duniani. Baada ya Swarthmore akaenda Pennsylvania Academy of the Fine Arts, shule ya kizamani inayofundisha kuchora mwili wa mtu kutoka kwa mtu aliye hai mbele yako, akamaliza hapo mwaka 2006. Unapoona jinsi mkono ulivyokaa sawa kwenye goti katika michoro yake, ni hapo. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Yale na kuhitimu shahada ya uzamili mwaka 2011, na mwaka uliofuata akaukaa Harlem, New York, kama msanii mkaazi wa makumbusho ya Studio Museum. Baadaye akahamia Los Angeles.

Yale iko mji unaoitwa New Haven, jimbo la Connecticut. Enugu nayo ina mtaa unaoitwa New Haven. Mwaka 2012 alichora kazi moja akaipa jina la anwani, *5 Umezebi Street, New Haven, Enugu*, na mwaka uliofuata nyingine, *Tea Time in New Haven, Enugu*. Msomaji wa Marekani anaweza kudhani anaelezwa habari za Connecticut hadi afike neno la mwisho.

Kilichomsumbua Yale hakikuwa namna ya kuchora bali cha kuchora. Mwaka 2009 aliolewa na Justin Crosby, Mmarekani mzungu aliyekutana naye Swarthmore. Wewe na mimi tunajua uzito wa jambo hilo kwa binti wa ukoo wenye jina. Ataonekana ameikacha kwao? Michoro ya miaka hiyo ni ya wawili hao: kitandani, sebuleni, kwenye hafla ya nyumbani ambako yeye ameshika mkono wa mume huku akiwatazama jamaa zake. *Nwantinti* ya mwaka 2012, iliyoko Studio Museum, ni mojawapo. Mapenzi yamo wazi, hayana aibu, lakini chumba kizima kinachowazunguka kimejaa vipicha vya Nigeria. Hawako peke yao. Kitandani kwenyewe ukoo umo.

Hapo ndipo mbinu ilipopata sababu. Mchoraji aliyefundishwa Marekani ana njia nyingi za kuonyesha "natoka Afrika", na karibu zote zimechakaa: mbuyu, mtungi, kinyago. Yeye akaacha umbo la chumba liwe la mchoro wa Ulaya, kama alivyofundishwa, halafu akakijaza watu wa kwao mpaka kikabadilika uzito.

Kuna mtu mmoja anayejirudia kwenye kuta hizo, naye ni mama yake. Dora Akunyili hakuwa mama wa nyumbani tu wa kuenziwa kwenye albamu. Mwaka 2001 alikabidhiwa NAFDAC, mamlaka ya chakula na dawa ya Nigeria, akapigana na wauza dawa bandia. Dada yake mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1988 baada ya kuchomwa insulini bandia. Desemba 2003 watu wenye silaha walimfyatulia risasi, ikapita kwenye kilemba chake, yeye akabaki mzima. Akawa waziri wa habari mwaka 2008, akafariki mwaka 2014. Nigeria nzima inaijua sura yake.

Sasa tazama *Dwell: Aso Ebi* (aso ebi ni kitambaa cha sare cha ukoo kwenye sherehe) ya mwaka 2017, inayomilikiwa na makumbusho ya sanaa ya Baltimore. Mwanamke ameketi chumbani, na sura ya Dora inajirudia nyuma yake kama pambo la kitambaa. Huhitaji kuelezwa kitambaa hicho ni cha namna gani. Ni kama kitenge au khanga zinazochapwa sura ya rais wakati wa sherehe na kampeni, kisha zikabaki nyumbani miaka mingi zikifungiwa watoto mgongoni. Wanigeria wanavyo vya kwao, vya harusi, vya misiba, vya siasa. Binti amechukua kitambaa cha hadhara na kukifanya ukuta wa nyumba yake ya Marekani. Ni maombolezo, na ni siasa, na kwa asiyejua ni pambo zuri la ukutani.

Hapo tumefika kwenye swali lako zito. Anawauzia Wazungu?

Jibu langu ni hapana, na ushahidi sitautoa kwenye maneno yake bali kwenye karatasi yenyewe. Anayetaka kumuuzia mgeni humrahisishia mgeni. Huyu anamnyima. Chukua *Super Blue Omo* ya mwaka 2016. Chumba chote kina rangi ya bluu, mwanamke yuko kwenye kochi, mezani kuna vyombo vya chai, na runinga ipo. Mtazamaji wa Florida, ambako mchoro huo upo katika makumbusho ya Norton, ataona upweke wa mwanamke, ataona ubuluu, atasema ni huzuni. Si vibaya, huzuni imo. Lakini Mnigeria aliyekuwa mtoto miaka ya 1980 atasikia tangazo la sabuni ya unga likiimba kwenye runinga. Wewe na mimi pia tunaijua Omo, tumeifulia. Mwanamke yule anangojea nani, mbele ya tangazo la nguo kung'aa, na chai inapoa? Mchoro unacheka kidogo na mgeni hajui kwamba unacheka.

Na hata Mnigeria hapewi vyote. Kati ya zile nyuso zilizohamishwa kuna nyota wa muziki ambaye kila mtu anamtambua, na kando yake shangazi fulani ambaye hakuna anayemjua ila familia. Wote wamepewa ukubwa uleule na ufifivu uleule. Kwa hiyo kila anayetazama anakuta mahali pa kuingilia na mahali pa kuishia. Mhamiaji yeyote anaijua hali hiyo: kwenye meza moja unaelewa utani wote, kwenye meza ya pili unaelewa nusu, na kila meza inadhani wewe ni wa pale.

Lakini swali lako halijaisha, na sitaki nilifunike. Kuna lawama moja ambayo nadhani inashika. Enugu anayoichora imesimama. Taa za mafuta, makochi, mapazia, mitindo ya nywele, majarida, mengi ni ya miaka ya 1980 na 1990, yaani kabla hajapanda ndege. Kijana wa Lagos wa leo akiitazama anaona sebule ya wazazi wake. Je, ni udhaifu? Kwa mwandishi wa habari ungekuwa udhaifu. Kwa mchoraji aliyehama nadhani ni ukweli wa namna yake, maana nyumbani kwa mhamiaji husimama siku ile aliyoondoka, na yeye hajifanyi anaijua Enugu ya mwaka huu. Jina la mfululizo wake maarufu linasema hivyo pia: *The Beautyful Ones*, kwa tahajia ya riwaya ya Mghana Ayi Kwei Armah ya mwaka 1968 iliyolalamikia uhuru uliooza, ikisema walio wema hawajazaliwa bado. Njideka amewachora watoto wa Kinigeria, wengine ni ndugu zake kutoka picha za zamani za familia, wamevaa nguo za sikukuu, wanakutazama usoni. Kizazi kilichozaliwa baada ya ile lawama. Ni jibu kwa Armah, ingawa kwangu mimi haliko wazi kama anasema "ndio hawa" au anauliza tu.

Tena hakubaki Enugu moja kwa moja. Baada ya kuhamia California mimea ikaanza kuingia: *Cassava Garden* ya 2015, *Garden, Thriving* ya 2016, na *Still You Bloom in This Land of No Gardens* ya 2021, ambamo yumo yeye na mtoto wake nje ya nyumba, wamezingirwa na majani. Majani ya muhogo na mimea ya Los Angeles yanaota pamoja, na ndani ya jani moja utakuta vipicha vilevile vya Nigeria. Mwaka 2018 alipopewa mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Brixton, London, aupambe, hakupeleka sebule ya Enugu. Alichora *Remain, Thriving*: sebule ya wajukuu wa Wakaribi walioingia Uingereza kuanzia na meli ya Windrush ya mwaka 1948. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilikuwa imeumbuka kwa kuwanyanyasa na hata kuwafukuza watu wa kizazi hicho kwa kukosa makaratasi. Abiria aliyetoka chini ya ardhi alikutana na familia imekaa kitako, haina haraka ya kwenda popote. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake ya kisiasa kuliko zote, na haina ngumi hata moja iliyoinuliwa.

Kuhusu pesa, kwa sababu najua wanafunzi watauliza. Novemba 2016 mchoro wake *Drown* wa mwaka 2012 uliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa takriban dola milioni 1.1. Machi 2017 mmoja wa *The Beautyful Ones* ukafika takriban dola milioni 3 kwenye mnada wa Christie's, London. Miezi michache baadaye akapewa tuzo ya MacArthur ya Marekani, dola 625,000 zinazolipwa kwa miaka mitano. Watu husoma habari za minada wakadhani msanii ndiye aliyetajirika. Muuzaji mnadani ni yule aliyeununua mwanzo, pengine kwa bei ya gari lililotumika, naye ndiye anayeondoka na faida. Sheria ya shirikisho la Marekani haimpi mchoraji hata senti ya mauzo ya pili. California, anakoishi, ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1976 ya kumpa msanii asilimia tano. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaibatilisha karibu yote. Mauzo makubwa ambayo yeye aliyataka mwenyewe ni ya *Bush Babies*, Mei 2018: dola milioni 3.4 hivi, na aliutoa mchoro huo mnadani ili fedha ziende kujenga jengo jipya la Studio Museum, palepale alipolelewa. Kingine kinachomlinda ni kwamba anachora polepole. Kazi zake kwa mwaka ni chache, na nyingi zimeishia kwenye makumbusho.

Makumbusho hayo yako wapi? Tate London, Whitney New York, Baltimore, Los Angeles. Hapo ndipo lawama yako ina makali kweli, mwalimu. Mtazamaji wa Enugu ambaye angesoma kila uso kwenye ukuta anahitaji viza ili aufikie. Sioni kwamba ni kosa la mchoraji, lakini ni hali halisi, na sifa za magazeti ya Ulaya haziigusi sana.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba swali hili la msanii aliyehama kwao halikuanzia Nigeria wala haliishii huko, waanzie nyumbani. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973, akafanya onyesho lake la kwanza la peke yake Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Taswira aliyojichora mwaka 1982 huko Åkersberga, nyuso kadhaa zimeingiliana hadi hujui ipi ni yake, ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London akiwa ametimiza karibu miaka sabini. Ni taswira ya kwanza ya rangi ya mwanamke msanii mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia kwenye hazina hiyo. Huyu hakuhamisha picha za mtu. Aliurudia uso wake mwenyewe. Tatizo ni lilelile, dawa ni tofauti, na ukiweka kazi hizo mbili pembeni pembeni ubaoni una kipindi cha dakika themanini bila kuhangaika. Kwa upande wa Kenya yupo Michael Armitage, anayechorea juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda, matundu na mishono yake ikiwa wazi.

Sasa mbinu darasani. Inawezekana, na ni rahisi, ila usiiachie watoto wadogo.

Picha lazima iwe ya fotokopi au ya printa ya leza, kwa sababu wino wake ni unga ulioyeyushwa kwa moto, na asetoni inaulainisha tena. Printa ya wino wa maji haitoi matokeo haya, na ukurasa wa gazeti mara nyingi hugoma. Chapa ya siku hiyohiyo hushika vizuri kuliko ya mwezi jana. Karatasi ya kupokelea iwe nene na laini. Yenye vinyweleo itakupa picha yenye matundu. Kama picha ina maandishi, mwambie mtu wa steshenari aigeuze kabla ya kuchapa, la sivyo yatasomeka kinyumenyume.

Asetoni utaipata duka la vifaa vya rangi. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha nayo inafaa kama imeandikwa ina asetoni. Zipo zisizo nayo na hizo hazifanyi kitu. Ibandike chapa kwa utepe wa gundi upande mmoja isihame, lowesha pamba, si kwa kuchuruzika bali kwa unyevu, pitisha juu ya sehemu ndogo ya kiasi cha kiganja, kisha sugua haraka kwa mgongo wa kijiko. Inakauka upesi sana, kwa hiyo sehemu kwa sehemu. Inua kona uchungulie. Ikiwa haijashika, rudisha, lowesha tena. Ukilowesha mno wino unatapakaa na uso wa mtu unakuwa doa.

Madirisha yote yawe wazi, au fanyeni nje. Mvuke wa asetoni unaweza kushika hata moto ulio mbali, kwa hiyo hakuna mshumaa, hakuna jiko, hakuna mtu wa sigara. Imimine kwenye kikombe cha glasi au bati; vikombe vya plastiki vingi vitalainika mkononi mwako. Mwenye pumu akae na kazi ya kuchora, asisugue.

Kazi ya kuwapa: kila mmoja alete picha kumi, tano za watu ambao darasa zima litawatambua na tano ambazo hakuna atakayezitambua ila watu wa nyumbani kwao. Wachore kwanza chumba wanachokijua, kwa mistari mikubwa na rangi bapa, na wasihamishe kitu mpaka wameamua ni ukuta gani, nguo gani au meza gani itabeba nyuso hizo. Wengi watataka kujaza karatasi yote. Wakatalie, theluthi mbili zibaki tupu. Na picha halisi za wazee zisije kabisa karibu na chupa ya asetoni. Zipigwe fotokopi steshenari, kisha albamu irudi nyumbani kabla ya kipindi.